Sauti ya Ngwali Kwenye Mlingoti

Hitima ilikuwa imefika katikati marehemu alipowasalimu.

"Asalaam aleikum. Ni mimi, Ngwali. Nipo."

Haikuwa ndoto, wala redio ya jirani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokuwa akikitoa kabla ya kusema "nipo"...

Wanaume waliokuwa barazani wakanyamaza, juzuu mikononi. Ndani kwa wanawake sinia la kahawa lilianguka na hakuna aliyeinama kuokota.

Rahila, dada wa marehemu, alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba cha mjane. Alimwona wifi yake Mwatum akisimama taratibu na mimba yake kubwa, uso umetulia kabisa, akitafuta kanga ya kujitanda.

"Ananita," alisema Mwatum.

Rahila alimshika mkono, akamkalisha chini. Mkono wenyewe ulikuwa wa baridi kama samaki wa barafu.

Wasomaji, kabla hamjaanza kusoma Ayatul Kursi, ngojeni niwaeleze sauti ile ilitoka wapi. Kujua ilitoka wapi ni jambo dogo. Kujua kwa nini ilitoka ndiko kulikomnyima Rahila usingizi mpaka leo.

Kisiwa cha Fundo kiko ng'ambo ya Wete. Mgonjwa akizidiwa pale lazima avushwe kwa boti, na si kila mtu ana vocha ya kumpigia mwenye boti. Ngwali alikuwa fundi wa mitambo midogo, na Mungu alimpa kichwa. Akasimamisha mlingoti kwenye kilima nyuma ya mashamba, ambako mtandao unashika vizuri. Juu yake akaweka sola na spika ya pembe, chini yake kisanduku chenye kitufe kimoja chekundu.

Ukibonyeza, kisanduku kinampigia Ngwali. Asipopatikana, kinampigia shemeji yake Abrahman, mume wa Rahila, aliyekuwa na boti ya mashine kule Wete. Na kila kisanduku kilipowashwa upya, spika ilitoa salamu ile, ili watu wajue mashine ni nzima. Na mwenye kukiwasha alikuwa Ngwali peke yake.

Siku hiyo ya hitima, mama mmoja alikuwa na mtoto wa degedege. Akapanda kilimani, akabonyeza. Badala ya boti, akajibiwa na maiti!

Mtoto alipona, alhamdulillahi, walimvusha kwa kasia. Lakini mama yule alirudi na hadithi, na hadithi ile ilizunguka kisiwa kizima kabla ya magharibi.

Baada ya hapo sauti ikawa inakuja. Inapita wiki kimya, kisha adhuhuri moja jua kali, watu wanakula, "Asalaam aleikum. Ni mimi, Ngwali. Nipo." Watoto wakakatazwa kucheza upande wa kilima. Wanawake wakaacha kukata kuni kule. Waliobaki kupanda ni wenye mgonjwa tu.

Mwatum, aliyekuwa ndani ya eda, ndiye aliyeumia zaidi. Kila sauti ilipokuja aliitikia salamu. Kwa sauti ya chini, kama mke anavyomwitikia mumewe akiingia ndani.

Wazee wakakutana. Mzee Mabruki, imamu wao, alisema hataki kuharakisha jambo. Aliyeharakisha ni Abrahman. Alisimama mbele ya watu akasema mlingoti ukatwe, kisanduku kitupwe baharini, maana shetani amepata mdomo wa kusemea. Rahila alimtazama mumewe akashangaa. Alimjua kwa miaka mingi, hakuwahi kumwona anaogopa kitu kiasi kile.

Rahila naye akaomba ruhusa ya kusema. Yeye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, anafanya Wete, na Ngwali ndiye aliyemfundisha herufi za kwanza za kazi hiyo.

"Mzee wangu," alimwambia Mzee Mabruki, "mashine haina roho ya kuingiliwa. Ina ugonjwa. Nipeni nikaitibu. Mwatum yuko karibu kujifungua, na siye hatuna njia nyingine ya kuita boti."

Mzee Mabruki alifikiri, kisha akamwambia akichukue. Lakini wifi yako akifikia siku ya kujifungua na mashine bado inasema maneno ya wafu, akaongeza, tutaukata mlingoti.

Basi Rahila akakibeba kisanduku pamoja na spika yake mpaka nyumbani kwake Wete, akakiweka juu ya meza ya kulia chakula.

Alianza kama fundi yeyote anavyoanza. Akabadilisha betri. Akakianika juani aone kama joto ndilo linalokisumbua. Akakaza nyaya zote. Kisha akabonyeza kitufe, na simu ya Abrahman, aliyekuwa amekaa kwenye kochi palepale, ikaita. Akapokea. Kila kitu sawa.

Akajaribu asubuhi, akajaribu alasiri. Sawa.

"Nilikwambia," Abrahman alisema bila kumtazama. "Mashine nzima. Kilichomo ndani si cha fundi."

Ijumaa, baada ya sala, Abrahman akaaga kwamba anakwenda Chokocho kutazama mashine ya boti inayouzwa. Rahila akabaki peke yake. Akabonyeza kitufe kwa mazoea tu, akageuka kumimina chai.

Nyuma yake, kaka yake akakohoa.

"Asalaam aleikum. Ni mimi, Ngwali. Nipo."

Aliniambia mwenyewe kwamba hakugeuka mara moja. Alisimama na birika mkononi, chai ikimwagikia kikombeni mpaka ikafika sakafuni. Alijua ni rekodi. Alijua ni spika. Lakini mgongo haujui mambo hayo.

Alipopata nguvu akaenda kukaa mezani, akafungua kompyuta ya Ngwali mwenyewe, ambamo programu ilikuwa imeandikwa.

Hapa nivumilieni kidogo. Programu ile Ngwali aliiandika kwa maneno ambayo fundi mwenzake anaweza kuyasoma, kisha akaigeuza kuwa lugha ya mashine, na hiyo iliyogeuzwa ndiyo iliyokaa ndani ya kisanduku. Ikianguka humo, yaani ikifa ghafla, haikwambii nimeangukia wapi. Inakuachia namba tupu. Kwa hiyo Rahila akaigeuza upya programu ileile, safari hii akiiacha ibebe majina ya asili ya vipande vyake, ili ikianguka namba zile zifasirike.

Akabonyeza tena. Ikaanguka tena. Na majina yakatoka.

Lilikuwa jina moja, la kipande kinachotafuta mtu wa kupigiwa. Tafuta_msaidizi. Chini yake, tafuta_msaidizi. Chini yake tena, tafuta_msaidizi... Kompyuta ilijaa jina hilo kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayeita mlangoni na hafunguliwi.

Akauelewa ugonjwa palepale.

Programu ikimtuma mtumishi wake wa ndani kufanya kazi, huweka alama ya mahali ilipoachia, ili jibu likija irudi hapo. Alama hizo hupangwa moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Kabati hilo mafundi wanaliita staki. Jibu likirudi, sahani moja inaondolewa. Lakini jibu lisiporudi, na mtumishi akajituma mwenyewe tena, na tena, sahani zinapanda mpaka kabati linashindwa. Zikimwagika, programu inakufa. Kisha kisanduku kinajiwasha upya, na kikijiwasha kinatoa salamu.

Mwanzo akafanya kosa ambalo mafundi wengi hulifanya. Akaipa staki nafasi kubwa zaidi, akadhani amemaliza. Wiki iliyofuata Abrahman akaenda tena Chokocho. Rahila akabonyeza kitufe, akasubiri. Kimya. Akaanza kutabasamu...

Sauti ikaja. Imechelewa tu.

Ndipo akajua kabati kubwa halimsaidii mtu anayepanga sahani bila mwisho. Akasoma maandishi ya kaka yake mstari kwa mstari. Ngwali alikuwa ameandika hivi: mpigie Ngwali. Hapatikani? Mpigie Abrahman. Hapatikani? Rudi kwa Ngwali. Hakuweka mahali pa kukoma. Alipokuwa hai hakukuwa na haja, maana Ngwali alikuwa anapokea simu hata akiwa chooni.

Sasa simu ya Ngwali imezimwa. Kwa hiyo mashine ilikuwa inaanguka kila kitufe kilipobonyezwa siku ambayo simu ya pili nayo imezimwa.

Simu ya pili ni ya mumewe.

Rahila akachukua simu yake, akampigia. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Akampigia tena baadaye. Hapatikani. Chokocho mtandao upo, alikuwa na shoga zake kule, anazungumza nao kila siku.

Siku ya hitima alielewa, watu wote walizima simu kwa ajili ya kisomo. Lakini siku nyingine zote zile?

Ndani ya kisanduku Ngwali alikuwa ameweka sehemu inayokumbuka maanguko ya karibuni, kila moja na siku yake, na hali ya simu zote mbili. Rahila akayafungua akiwa na wivu moyoni, akitafuta mwanamke. Ndivyo alivyoniambia, bila kuficha. Alikuwa anamtafuta mwanamke.

Akamkuta kaka yake.

Anguko la kwanza kabisa halikuwa la siku ya hitima. Lilikuwa la siku aliyokufa Ngwali. Alasiri. Na halikuwa moja, yalikuwa matatu yaliyofuatana.

Wote walijua jinsi Ngwali alivyokufa. Alipanda mlingoti kusafisha sola, akaanguka. Walimkuta baada ya magharibi, simu imepasuka mfukoni, mkono mmoja umelalia kisanduku. Wakasema alikufa papo hapo. Neno hilo ndilo lililowasaidia kulala. Na Abrahman alisema mbele ya maiti kwamba simu yake ilikuwa wazi siku nzima, haikuita hata mara moja.

Rahila akaangalia maandishi yale kwa muda mrefu.

Ngwali: imezimwa. Abrahman: imezimwa.

Simu ya Ngwali ilipasuka alipoanguka. Kama ilikuwa imeshazima wakati kitufe kinabonyezwa, basi kitufe kilibonyezwa baada ya kuanguka. Na kule kilimani hakukuwa na mtu mwingine.

Kaka yake hakufa papo hapo. Alijiburura mpaka kwenye kisanduku chake mwenyewe, akaomba msaada. Mara tatu.

Abrahman alirudi jua likizama. Rahila alikuwa bado mezani. Hakumfokea. Aligeuza kompyuta, akamwonyesha mistari ile miwili.

Abrahman alisoma, akakaa chini sakafuni, si kwenye kiti.

"Ulikuwa wapi siku ile?"

"Konde."

"Kwa nani?"

"Kwa mke wangu," akasema. "Nimeoa, Rahila. Anaitwa Asma. Nilizima simu nikiwa kwake. Ilipofunguka, ujumbe wa namba ya kisanduku ukamiminika, nimepigiwa, nimepigiwa, nimepigiwa... Nikadhani Ngwali anajaribu mashine yake. Nikaufuta."

Rahila alimwuliza kwa nini alitaka mlingoti ukatwe. Akajibu kwamba kila sauti ile ilipokuja alikuwa anajua inamwambia nani.

Kesho yake Abrahman alivuka Fundo mwenyewe. Akasimama mbele ya Mzee Mabruki na watu wa msikiti, akasema alisema uongo mbele ya maiti, simu aliizima, na lawama ni yake peke yake. Hakumtaja Asma. Wengine walilia. Wengine walimgeuzia mgongo, mpaka leo hawampi mkono.

Rahila alikwenda kwa Mwatum. Alitaka asikie kwake, si barazani. Akamweleza yote pole pole, habari ya kitufe, habari ya simu mbili zilizozimwa, na kwamba sauti haikuwa mzimu. Kila ilipotoka, maana yake ilikuwa mtu ameomba msaada na hakuna aliyepokea.

Mwatum alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kwa hiyo siku ile pia ilisema?"

Rahila hakuwa amelifikiria hilo. Mashine ilianguka mara tatu alasiri ile. Basi ilisalimia mara tatu, kwa spika inayosikika kisiwa kizima.

"Niliisikia," alisema Mwatum. "Sote tuliisikia. Jirani akaniambia, mumeo huyo anajaribu dude lake. Nikacheka. Nikaweka maji ya chai jikoni, nikasema akimaliza atarudi."



Rahila akarudi Wete kuitengeneza programu. Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Akaondoa ule mtindo wa mtumishi kujituma mwenyewe. Akaweka mzunguko wa kawaida wenye idadi na mwisho, usiopanga sahani. Akaongeza majina ya wenye boti wengine. Wote wakikosekana, spika isiseme salamu, iwaite watu wa kisiwa waende mlingotini. Maneno hayo aliyarekodi Mzee Mabruki, kwa sauti yake ya kuita watu msikitini. Ile rekodi ya Ngwali, Mwatum akaomba akae nayo yeye.

Kilichobaki ni kufuta mstari mmoja, wenye namba ya kaka yake. Kumzika walimzika wanaume. Kumfuta hapa ilibidi afute yeye. Alikaa na kidole juu ya kibonyezo mpaka chakula kikapoa.

Siku hiyohiyo mtu alibisha hodi.

Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa buibui, amesimama nje kama mdaiwa. Akasema jina lake ni Asma, ametoka Konde, hakuja kugombana.

Rahila hakumkaribisha. Hakumfukuza pia.

"Siku ile hakuzima yeye," alisema Asma. "Siku nyingine ndiyo, huzima mwenyewe. Siku ile alisahau. Alikuja kachoka, akalala. Simu ikalia, watu wa abiria, nikaona nimwache apumzike. Nikaizima miye. Alipoamka akaiwasha, ujumbe ukaingia. Jioni alipopata habari alinambia, usimwambie mtu, hili nitalibeba miye."

Akaanza kulia bila sauti.

"Nilimhurumia usingizi, dada. Sikujua nazima nini."

Rahila aliniambia kwamba alitamani sana kumchukia pale pale. Alikuwa na haki zote. Lakini akaifuata hesabu ya lawama mwenyewe, kama alivyofuata programu. Ni Asma? Asma alizima simu ya Abrahman, aliyeficha ndoa. Ni Abrahman? Na kisiwa kizima kilisikia sauti, kikaendelea na mambo yake. Ni wao? Na Ngwali mwenyewe hakuweka mahali pa kukoma. Ukitoka kwake unarudi kwa Asma, na unaanza upya...

Akasogea mlangoni, akampisha apite.

"Konde simu yako hushika vizuri?" alimwuliza.

"Siku zote."

"Huzimwa lini?"

"Sitaizima tena maisha yangu."

Rahila akaandika namba ya Asma kwenye programu, mwisho wa majina.

Mwatum alishikwa na uchungu asubuhi moja, mapema kuliko walivyotarajia. Rahila alikuwa Fundo siku hiyo. Alipanda kilima mbio, akabonyeza. Abrahman alikuwa katikati ya bahari, hapatikani. Wa pili mashine ya boti yake ilikuwa imefunguliwa. Wa tatu hakupokea.

Simu ya mwisho ilipokewa kabla haijaita vizuri.

Asma alipiga simu kwa kila mwenye boti Wete, mpaka akampata mmoja aliyekuwa anapakia abiria, akamsihi awashushe. Boti ikafika. Wakati Mwatum anaingizwa hospitali, Asma alikuwa ameshafika kwa gari za Konde, ana kanga safi mkononi na chupa ya uji.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Eda ya Mwatum ikaisha pumzi ile ile ya kwanza ya mwanawe.

Abrahman alikuja jioni, akasimama nje ya wodi, hakuingia. Rahila hajamwambia kama amemsamehe. Wanakaa nyumba moja, anampikia, hamwulizi anakwenda wapi. Na alasiri, upepo ukitoka upande wa kisiwa, Abrahman humwona Rahila anaacha anachofanya, anasikiliza.

Ndugu zangu, mkikubali kuwekwa pahala pa kumwokoa mtu, msizime. Na mkisikia sauti mliyoizoea inaita, msiseme anajaribu tu. Inukeni mkatazame. Lakini likishatokea la kutokea, lawama nayo ipeni mahali pa kukoma, maana isipokoma huua hata aliyebaki.

Mle wodini, Mwatum alikuwa anamtazama yule mwanamke mwembamba aliyekuwa anamfunga mtoto kanga kwa uangalifu, kama anaogopa kumvunja.

"Wifi," alimnong'oneza Rahila, "huyu aliyetuletea boti ni nani?"

Rahila akaishika ncha ya kanga, akamsaidia Asma kufunga.

"Mke mwenzangu," alisema.